Nyuzi za gitaa la umeme: sauti nyororo inatoka wapi?

Mpiga gitaa anayetafuta sauti nyororo, ile inayokaa chini ya mwimbaji bila kumkwaruza, akiingia dukani hukuta pakiti nyingi za nyuzi na kila moja ina ahadi yake. Hii inasifu nikeli halisi, ile inasifu kiini cha pembe sita, nyingine ina namba tu: 10–46. Wengi huchagua kwa jina la madini kwa sababu ndilo limeandikwa kwa herufi kubwa, kisha wakifika nyumbani gitaa linalia vilevile. Sababu yake inaelezeka, na haihitaji hesabu nyingi.

Niseme mapema ninachoamini. Kinachobadilisha sauti kuliko vyote ni umbo la waya uliozungushwa nje ya uzi. Unene wa nyuzi unafuata. Madini yanakuja mwisho, tena kwa mbali. Na zile nyuzi tatu nyembamba za chini, ambazo pakiti haizisemi kabisa, ndizo mara nyingi zinazoharibu kazi yote.

Tuanze na uzi wenyewe. Ukiuvuta kwa piki, kile kipande kidogo cha kupigia, unapinda, na pale piki ilipogusa panatokea kona. Ukiuachia, kona hiyo inagawanyika na kukimbia pande zote mbili, inafika mwisho, inarudi, na mchezo huo ndio mtetemo tunaousikia. Sasa, uzi hautoi noti moja peke yake. Uzi wa tano ukipigwa bila kubanwa hutoa noti A ya hezi 110, lakini ndani yake kuna pia hezi 220, 330, 440 na kuendelea hadi kwenye maelfu. Hizo za juu ndizo zinazoipa sauti ukali wake, ule mlio wa kengele. Kona ikiwa kali, sauti za juu zinakuwa nyingi. Kona ikiwa butu, zinapungua na noti ya chini inabaki inatawala. Sauti nyororo ni hiyo: noti yenyewe inasikika vizuri, sauti za juu zimepungua au zinakufa mapema, na kelele za piki na vidole zimetulia.

Ukishika jambo hilo moja, mengine mengi yanafunguka. Wes Montgomery wa Indianapolis, aliyezaliwa 1923 na kufariki 1968, alipiga jazz kwa kidole gumba, bila piki, kwenye gitaa la Gibson L-5 lenye nyuzi nene za waya bapa, yaani zilizozungushiwa utepe badala ya waya wa duara. Nyama ya gumba ni pana na laini, haiwezi kutengeneza kona kali. Uzi mnene ni mgumu, haukubali kupinda kwa kona kali. Waya bapa unazimisha sauti za juu haraka. Vitu vitatu, vyote vinasukuma upande mmoja, na ndiyo maana sauti ile watu wanaifuata hadi leo.

Halafu kuna pikapu. Pikapu ya kawaida ya gitaa la umeme haisikii hewa kama maikrofoni. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Sumaku inaufanya uzi wa chuma nao uwe na usumaku kidogo, uzi unapotetemeka usumaku unaopita kwenye koili unapanda na kushuka, na hapo umeme unazaliwa kwa kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Kwa hiyo uzi usiovutwa na sumaku, kwa pikapu, ni kama haupo. Hili lina maana ya moja kwa moja kwa wanunuzi. Nyuzi za gitaa kavu zilizozungushiwa bronzi hazifai kwenye gitaa la umeme, kwa kuwa bronzi haivutwi na sumaku; kinachosikika kwenye nyuzi nene ni kiini chao chembamba cha chuma tu, na zile tatu tupu, zisizozungushiwa waya, zinazifunika. Wapo wanaofunga nyuzi hizo wakidhani rangi yake ya shaba italeta sauti tamu. Haileti. Nailoni ndiyo kabisa, haitoi kitu.

Waya wa nje

Nyuzi tatu nene za seti ya kawaida, ya nne hadi ya sita, zina kiini cha chuma kilichozungushiwa waya mwingine. Waya huo ukiwa wa duara, uzi unakuwa na matuta madogo unayoyahisi ukipitisha ukucha. Hizi ndizo nyuzi zilizo kwenye magitaa mengi mapya yanayouzwa leo. Matuta yanakwaruzana na piki na vidole, na yanaacha uzi ulegee vya kutosha kutoa sauti nyingi za juu. Ni nyuzi zinazoongea kwa sauti kali, na kwa kazi nyingi huo ndio uzuri wake.

Ukibadilisha waya wa duara kwa utepe bapa, mambo yanageuka. Utepe unazungushwa kwa kubanana, ukingo kwa ukingo, kisha unasuguliwa uwe laini kama kioo. Kidole kinateleza bila ule mlio wa kukwaruza unaposhuka na kupanda shingo ya gitaa. Mizunguko iliyobanana inasuguana kila uzi unapopinda, na msuguano huo unakula sauti za juu ndani ya muda mfupi baada ya kupiga. Noti inaanza na mguso mzito, inabaki na mwili wake, makali yameondoka. Tofauti hii haihitaji sikio la fundi. Hata asiyepiga gitaa ataisikia kutoka upande wa pili wa chumba. Hakuna badiliko la madini linalofikia hapo.

Kwenye pakiti tafuta neno Flatwound. D'Addario wana seti waitazo Chromes, na Thomastik-Infeld, kampuni ya Vienna iliyoanza 1919, wana Jazz Swing pamoja na seti yenye jina la mpiga gitaa George Benson. Kwa kawaida bei yake ni kubwa kuliko ya nyuzi za duara, na kwa mara ya kwanza inauma. Lakini hazina mifereji ya kukusanya jasho na uchafu, hivyo sauti yake haibadiliki haraka, na watu huzitumia kwa miezi mingi ambapo nyuzi za duara zingebadilishwa mara kadhaa. Pia hazili freti, vile vyuma vya kwenye shingo, kwa kasi ile ile.

Katikati ya hizo mbili zipo zilizozungushiwa waya wa duara kisha zikasagwa juu, matuta yakabaki nusu. D'Addario huziita Half Rounds. Ni chaguo la anayetaka kupunguza kelele za vidole lakini bado anahitaji ukali kidogo kwa nyimbo za haraka. Mimi naziona ni njia ya kati iliyo kweli katikati: hazimridhishi sana mpenda jazz wala mpenda rock, ila kanisani au kwenye bendi ya hotelini inayopiga kila mtindo kwa usiku mmoja, zinafanya kazi nzuri sana.

Ni vizuri kujua pia kwamba si kila muziki unautaka unyororo huu. Wapigaji wa rumba ya Kongo walikwenda upande mwingine kabisa kwa makusudi. Katika mtindo unaoitwa mi-composé, uzi wa nne unaondolewa na mahali pake unawekwa mwembamba, unaotyuniwa oktavu moja juu, ili gitaa la kati lipate mlio wa kung'aa unaopenya kati ya solo na rithim. Huko nako ni kuchagua nyuzi kwa akili ile ile. Anayepiga sebene akifunga nyuzi bapa atajikuta amezikwa na ngoma na matoazi ya hi-hat, na hatakuwa na wa kumlaumu.

Nyuzi tatu ambazo pakiti haizitaji

Hapa ndipo wengi wanapopotelea, na hapa ndipo ningependa msomaji atulie. Uzi wa kwanza, wa pili na, kwenye seti nyingi nyepesi, wa tatu, ni chuma kitupu. Hazijazungushiwa chochote. Pakiti ikisema nikeli halisi, nyuzi hizo ni za chuma. Ikisema waya bapa, bado ni chuma. Chuma kile kile chenye kaboni nyingi, kilichopakwa bati jembamba ili kisishike kutu upesi, kiko kwenye karibu kila seti. Na melodi nyingi hupigwa wapi? Hapo hapo, kwenye nyuzi hizo tatu. Kwa hiyo mtu ananunua seti ya bei, nyuzi nene zinakuwa nyororo sana, halafu akipanda juu kwa solo sauti inabadilika ghafla na kuwa kali kama ya gitaa jingine.

Uzi wa tatu ndio mkorofi zaidi. Ukiwa mtupu, ndio mnene kuliko nyuzi zote tupu, kwenye seti ambayo uzi wa kwanza una unene wa 10, wa tatu ni 17. Chuma kingi mbele ya sumaku maana yake umeme mwingi, hivyo unapiga kelele kuliko majirani zake. Fender walipotoa Stratocaster mwaka 1954, vijiti sita vya sumaku kwenye pikapu havikuwa na kimo kimoja. Cha uzi wa tatu kiliinuliwa. Enzi hizo uzi wa tatu ulikuwa umezungushiwa waya, kiini chake kilikuwa chembamba, na ulihitaji msaada ili usikike. Magitaa mengi yanaendelea kuiga vimo vile vya zamani huku yakifungwa uzi wa tatu mtupu, ndiyo maana uzi huo unajitokeza kupita kiasi.

Dawa yake ni uzi wa tatu uliozungushiwa. Seti nyingi za waya bapa, na seti nzito za kuanzia 12, huja nao. Ukiufunga, kodi (noti zinazopigwa pamoja) za katikati ya shingo zinatulia, nyuzi nne nene zinakuwa familia moja ya sauti, na noti zinakaa sawa zaidi na tyuni kwenye briji (sehemu inayobeba nyuzi kwenye mwili wa gitaa) za mtindo wa zamani zilizotengenezewa uzi wa aina hiyo. Gharama yake ni moja na ni kubwa: uzi huo haupindiki kirahisi. Ukiusukuma kwa kidole kama wafanyavyo wapiga bluzi, noti haipandi inavyotakiwa. Mtu ambaye solo zake zinaishi kwa kupinda uzi wa tatu asiufunge, hata akishauriwa na nani.

Nyuzi mbili za mwisho hazina dawa ya waya wa nje. Kwa hizo kilichobaki ni unene, na mkono wako.

Unene na mkazo

Namba za pakiti ni unene kwa sehemu za elfu za inchi. Uzi wa 10 ni kama robo ya milimita. Aliyezoea kununua bati la kuezekea awe makini, kwa sababu kwenye bati geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28, ila kwenye nyuzi namba kubwa ni unene mkubwa moja kwa moja.

Kwa gitaa moja na noti moja, mkazo unaongezeka kwa mraba wa unene. Kutoka 10 kwenda 11 kunaonekana ni hatua ya asilimia 10, kumbe mkazo wa uzi tupu unapanda kwa asilimia 21: kutoka kilo 7 na kitu hadi karibu kilo 9. Seti nzima ya 10–46 huvuta shingo kwa takribani kilo 47, na ya 11–49 kwa zaidi ya kilo 50. Vidole vinalijua hilo kabla ya masikio.

Faida ya unene kwa sauti nyororo ni ile ya kona butu niliyoisema, pamoja na kwamba uzi uliokazwa hauyumbi ovyo na kugonga freti. Unaweza kupiga kwa nguvu kidogo na bado sauti ikabaki imetulia. Lakini nisiache mtu aamini kwamba unene ni lazima. Billy Gibbons, mpiga gitaa wa bendi ya ZZ Top, anasifika kwa sauti nene, na anajulikana kwa kupiga nyuzi nyembamba mno, zinazoanzia 7 au 8. Sauti yake inatengenezwa na mkono mwepesi, pikapu na amplifaya. Anayepiga kwa mkono mzito juu ya nyuzi za 9 ndiye atakayepata faida kubwa kwa kupanda hadi 11. Mwenye mkono mwepesi anaweza kubaki na 10 akapata anachotaka.

Urefu wa uzi nao unaingia hapa. Magitaa ya mtindo wa Fender yana uzi wa milimita 648 kutoka mwanzo wa shingo hadi kwenye briji, ya Gibson kama 628. Kwa nyuzi zile zile, Gibson inakuwa na mkazo pungufu kwa karibu asilimia 6. Ndiyo maana 11 kwenye Les Paul ya Gibson inavumilika, na 11 kwenye Stratocaster inamchosha mtu huyo huyo.

Ukipanda unene, usifunge tu ukaanza kupiga. Mifereji inayoshika nyuzi karibu na kichwa cha gitaa inaweza kuwa myembamba kwa uzi mpya, nao utakwama na kutoka kwenye tyuni. Shingo itavutwa mbele zaidi na chuma chake cha ndani kitahitaji kurekebishwa. Gitaa lenye mkono wa kutikisa sauti litainua briji yake, na springi za nyuma zitahitaji kukazwa. Mpelekee fundi kama hujawahi kufanya, ni kazi ndogo kwake.

Madini nayapitia haraka kwa sababu yanastahili hivyo. Nyuzi nyingi leo zimezungushiwa chuma kilichopakwa nikeli, mara nyingi hutajwa kuwa na nikeli asilimia 8. Hadi miaka ya 1960 nikeli halisi ndiyo ilikuwa ya kawaida. Nikeli inavutwa na sumaku kwa udhaifu kuliko chuma, hivyo nguvu ya sauti inapungua kidogo na makali yanapungua kidogo. Ni tofauti ya kweli, naipenda, lakini ni ndogo, na iko kwenye nyuzi tatu nene peke yake. Chuma kisichoshika kutu kikiwa cha waya wa duara ni kikali kuliko vyote. Kobalti nayo imetengenezwa ili kuongeza nguvu, si unyororo; mwenye lengo letu aziache zote mbili.

Umri wa nyuzi una nguvu kuliko madini. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, alitumia nyuzi nene za waya bapa za La Bella na alijulikana kwa kutozibadilisha. Uchafu na jasho vikiingia katikati ya mizunguko ya waya vinazimisha sauti za juu, na baada ya wiki chache nyuzi za duara zilizokuwa zinakera zinakuwa tamu. Kwa hiyo kama umefunga seti mpya na unaiona kali, ipe muda kabla ya kuitupa. Ila kwetu pwani, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Zanzibar, hewa ya chumvi inazila nyuzi tupu kabla zile nene hazijafikia utamu wake. Uzi wenye kutu haupati unyororo. Unakwaruza, unakataa kukaa kwenye tyuni na unakatika. Ninachofanya na ninachoshauri ni kubadilisha nyuzi tupu peke yake na kuziacha nene ziendelee kuzeeka. Nyuzi za mojamoja huuzwa, na ni nafuu kuliko seti. Futa nyuzi zote kwa kitambaa kikavu kila umalizapo kupiga, ukipitisha kitambaa hadi chini ya uzi, maana kutu huanzia huko vidole visikofika.

Kabla ya kutoa hela yoyote, jaribu vya bure. Chagua pikapu iliyo karibu na shingo, kwa kuwa pale uzi unayumba sana na noti ya chini ina nguvu. Karibu na briji noti ya chini haina nafasi ya kuyumba na sauti za juu ndizo zinazosikika. Punguza kitufe cha toni hadi nusu. Sogeza mkono wa kupiga uelekee shingo. Badilisha piki nyembamba kwa nene yenye ncha ya mviringo, au iache kabisa utumie gumba. Kisha chukua bisibisi ushushe kidogo upande wa pikapu ulio chini ya nyuzi nyembamba, nyuzi tupu zitashuka sauti na kulingana na nene. Nimeona watu wakiacha safari ya dukani baada ya hilo la mwisho.

Bado hujaridhika? Kwa anayepiga jazz, bossa nova au boleri za taratibu, na hapindi nyuzi, nenda moja kwa moja kwenye waya bapa wa 11 wenye uzi wa tatu uliozungushiwa, na kama vidole vimezoea, 12. Anayepiga rithim nyuma ya kwaya na mara mojamoja solo, nusu bapa wa 11 unatosha. Mwenye kuhitaji kupinda nyuzi abaki na waya wa duara wa nikeli halisi, 10 au 11, aziache zizeeke. Aliye na gitaa moja la kufanyia kila kitu asiguse waya bapa. Abaki na 10 za kawaida na afanyie kazi mkono na pikapu.

Jambo moja la kiufundi wakati wa kufunga. Baadhi ya nyuzi, bapa na za duara, zina kiini cha duara badala ya cha pembe sita. Pembe ndizo zinazoung'ata waya wa nje usiteleze. Kiini cha duara hakina kitu cha kuung'ata. Ukikata uzi wa namna hiyo ukiwa umenyooka, waya wa nje unaanza kufunguka na uzi unakufa hapo hapo. Uingize kwenye kigingi, upinde kwa koleo kwa kona kali, uukaze mpaka ufike kwenye tyuni, ndipo ukate kilichobaki.